Picha ya Mama Hamira Kwenye Mkate wa Pasaka

Mpaka leo nikipita mbele ya ile supamaketi damu inanichemka. Shangazi yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Hamira, ameoka mikate pale tangu mimi sijaota meno. Na kila mwaka, Jumamosi Kuu, alikuwa anaoka nyumbani mkate wa Pasaka, mayai na siagi bila uchoyo, kwa ajili ya bibi, mama yake. Bibi mikate mingine huila basi tu. Ule anausubiri mwaka mzima.

Mwaka huu akaja meneja mpya, mjuaji huyo! Mapambo ya Krismasi hayajashuka ukutani, yeye ameshapanga mayai ya chokoleti na sungura wa plastiki, mapambo ya Pasaka ya Kizungu. Sungura na kaburi tupu wapi na wapi, jamani? Kisha akamwita shangazi: mkate wake wa Pasaka utauzwa kuanzia Jumatano ya Majivu. Yaani siku watu wanaanza kufunga! Shangazi akakataa katakata. Meneja akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti mkate wa familia yao utajulikana kila nyumba, na sura yake itakaa kwenye kila mfuko. Mwisho akakubali, wakampiga picha akicheka, kofia nyeupe kichwani.

Unga ukawa unaletwa kwenye magunia, umeshachanganywa.

"Siagi na mayai vimo humo humo, mama," meneja alimwambia. "Wewe tia maji na hamira tu."

Sasa shangazi akifunga, amefunga. Kwaresima nzima yai wala siagi havigusi mdomo wake, hata kwa ncha ya kidole. Alinusa, harufu ya siagi ilikuwepo. Akasema ataonja Pasaka.

Jumamosi Kuu walimbana kazini mpaka jioni, foleni imefika mlangoni. Nafasi ya kuoka nyumbani hakupata, akabeba mkate mmoja wa dukani. Kesho yake, tulipotoka ibadani, akamkatia bibi kipande cha kwanza kama kawaida. Bibi akatafuna, akatafuna tena, halafu akakirudisha kwenye sahani taratibu.

"Mwanangu, huu umeoka wewe?"

"Nimeoka mimi, mama."

"Basi mwaka huu sijala Pasaka."

Shangazi akaonja. Rangi ya njano na harufu ya siagi ya kutiwa kutoka kichupani, basi! Yai hakuna, siagi hakuna. Alilia pale pale mezani, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia.

Jumatatu nilimsindikiza dukani. Meneja hata aibu hakuona.

"Si umeuoka mwenyewe siku zote hizi? Ungeonja!"

"Nilikuwa nafunga, wewe! Nafunga kwa ajili ya Pasaka hiyo hiyo unayoiuza! Toa sura yangu humo."

"Picha ni mali ya duka, mama."

Shangazi akavua aproni, akaibwaga kwenye kaunta, akaenda kusimama kando ya rafu. Kila aliyenyoosha mkono kuchukua mkate, shangazi alimwambia, "Usinunue. Huyu ni mimi, na huu si mkate wangu." Wengine waliurudisha, wengine walimcheka. Mama mmoja akauinua mfuko, akaitazama picha, akamtazama shangazi, ambaye macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Sasa dada," akauliza, "mbona hapa unacheka?"