Mungu Mwenye Aliangalia Kando

Citoyens, banafunzi benzangu, leo baba yangu alinyoosha mukono mu cours ya histoire, na mimi nilitaka kuingia chini ya meza.

Papa iko muchinjaji wa ng'ombe kule Nyantende. Alikuja kuniletea maharagi, mvua ikamukamata, profesa akamwambia akae nyuma.

Kwa ukuta kulikuwa picha ya jiwe ya kuchongwa yenye balichimbula kule Roma. Mithra, mungu wa basoda, benye kupigana vita ba zamani, anachinja ng'ombe dume. Lakini uso yake imegeuka, anaangalia kando.

"Juu ya nini anaangalia kando?" profesa akauliza. "Balimuabudu kwa siri, habakuacha kitabu. Wenye elimu bangali banabishana."



Mukono ya Papa ikapanda. Na Kifaransa hajui! Ikabidi nitafsiri.

"Ile ng'ombe, huyu mungu alimulea yeye mwenyewe. Ng'ombe ya kununua, mimi naangalia kisu. Yenye nililea tangu ndama, naangalia kando, mukono inafanya kazi peke yake."

Hakuna mwenye alicheka. Profesa akatoa miwani. Mimi niliangalia ile uso ya jiwe, nikaona uso ya baba yangu.

Kisha Papa akauliza: "Na ile ng'ombe, jina yake ilikuwa nani? Kwetu hakuna ng'ombe bila jina."

Profesa akafungua kitabu yake kubwa, akatafuta, akaifunga polepole.

Nimebandika hii karatasi kwa mulango ya chumba ya kula. Biki ya kuandika iko kwa kamba. Mwenye kujua ile jina, mu Zaïre yote, aandike hapa chini.