Redio Tatu na Fremu Moja hadi Tandika

Kimara, Alhamisi, saa nane mchana. Niliondoka nyumbani na begi lenye redio mbili, daftari, betri nilizozipima mara tatu, na fremu ya mbao niliyoizungushia waya wa shaba. Fremu hiyo ni antena niliyoitengeneza mwenyewe. Dereva wa bajaji aliitazama akaniuliza, "Sista, dirisha hilo halina kioo?"

Nilikuwa nakwenda kwa bibi yangu, mama yake mama, anayeishi Tandika, huko Temeke. Kila Alhamisi saa moja na nusu usiku, kituo kimoja cha Mombasa husoma salamu za wasikilizaji kwenye masafa ya kati, yale mawimbi ya zamani yanayofika mbali jua likishazama. Mdogo wake Bibi, Bi Fatuma, anaishi Mombasa na hakosi kutuma. Niliwahi kumuuliza Bibi kwa nini wasipigiane simu tu, yakaisha.

"Simu ananipigia akiwa na shida," alinijibu. "Salamu anatuma akinikumbuka."

Basi, miezi minane iliyopita, redio ya betri aliyoiacha marehemu babu ilianza kuvuma, na Mombasa ikazama ndani ya mvumo huo. "Umeme ukikatika inaponaga," Bibi aliniambia. Nikaona ni maneno ya uzee. Niliisikiliza dakika mbili, nikatangaza imekufa bila hata kuifungua, nikaahidi kumletea redio bora kuliko zote.

Hapo ndipo nilipojiponza. Ufundi nimejifunza kwa video za kwenye simu, sina cheti wala mwalimu, kwa hiyo naogopa kukosea mpaka nashindwa kuanza. Miezi minane nilikuwa nalinganisha redio. Kila nilipokaribia kuamua, nilisoma habari za redio nyingine. Bibi alikosa salamu zake Alhamisi baada ya Alhamisi huku mie nikipiga mistari kwenye daftari kwa rula. Wiki iliyopita Bi Fatuma alipiga simu na kusema amechoka kusalimia ukuta usiojibu. Angetuma mara moja tu zaidi. Bibi asiposikia, basi.

Mara hiyo moja ilikuwa leo.

Sinza, saa tisa na nusu. Fundi Mrisho, anayetengeneza redio kwenye kibanda nyuma ya baa moja, alikuwa ameniahidi redio ya tatu ya kuazima. Ilikuwa kubwa, ya zamani, nzito kama tofali. Tulizipandisha zote tatu juu ya paa la zege, mbali kidogo na spika za baa.

Nyekundu ndogo niliyoinunua Kariakoo ilishika vituo vya karibu tu, vingine vikapandana. Ya pili, ya kidijitali yenye skrini, ilikuwa makini sana, lakini betri inazimaliza kama karanga. Ile ya fundi ilinasa sauti nyembamba ya kituo cha mbali, mchana kweupe. Nikavuta ile antena yake ndefu ya chuma ili isikike vizuri zaidi.

"Sasa hiyo unavuta ya nini?" Fundi Mrisho akacheka. "Hiyo ya FM. Masafa ya kati yanapokelewa na ufito mweusi ulio humo ndani. Igeuze redio yenyewe, taratibu, kama mtu anayetafuta kibla."

Nilikuwa najua, wallahi, nimeandika kwenye daftari ukurasa wa nne. Wasiwasi ulinisahaulisha. Niliigeuza, sauti ikanenepa. Nilipoisogeza karibu na fremu yangu na kuzungusha kitufe chake cha kutafutia kituo, ikanenepa zaidi.

"Hilo dirisha lako linafanya kazi," fundi alisema. "Nenda zako, mvua inakuja. Ukibaki hapa utaanza kulinganisha hata misumari."

Tandika, saa kumi na mbili na nusu. Mvua ilinyesha njiani ikakatika nilipofika. Bibi alikuwa ndiyo kwanza anakunja mswala baada ya Magharibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umehamia na madirisha?"

Taa zake zote ziliwaka nyeupe safi. Zile balbu za LED nilimfungia mwenyewe, zawadi ya Idi, na kila nikiingia huwa nazitazama kwa fahari. Nilipanga redio tatu mezani, pembeni ya ile ya babu, nikawasha nyekundu. Ikavuma kama nyuki ndani ya debe. Nikawasha ya kidijitali: nyuki walewale. Ya fundi: nyuki, tena wenye afya.

Niligeuza redio. Niligeuza fremu. Nilitoa betri nikazirudisha. Saa moja na robo. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, amejifunga kanga upya kama mtu anayesubiri mgeni.

"Bibi, sijui nimekosea wapi."

Kabla hajanijibu, kumbikumbi waliotoka baada ya mvua walianza kumiminika kupitia dirishani, wakizunguka balbu, wakiangukia kwenye daftari langu.

"Zima taa zote hizo!" Bibi alipiga kelele. "Waende kwa jirani, yeye ana kuku!"

Nikazima ya sebuleni, nyuki wakapungua. Nikazima ya ukumbini na ya chumbani. Redioni mwanamume mmoja akatangaza, wazi kabisa, kana kwamba yuko jikoni, kwamba baada ya wimbo huu zitafuata salamu.

Nilisimama gizani na mkono kwenye swichi. Balbu zangu. Idi. Miezi minane. *Umeme ukikatika inaponaga.*

"Bibi," nilisema, "mie ndiye niliyeiua redio yako. Ni zile taa nilizokufungia Idi, ndizo zinazovumisha redio."

Kiti kikaanza kutikisika kwa kicheko chake. "Nilikwambia nini? Ukanitazama kama kichaa. Haya, zima hayo maredio yako, washa ya babu yako."

Nikaiwasha. Haikuhitaji fremu, haikuhitaji hata kugeuzwa. Miaka yote imekaa ikielekea Mombasa. Majina yalipita, ya Malindi, ya Tanga, kisha: "Bi Fatuma wa Mombasa anamsalimu dada yake, Bi Mwanaidi wa Tandika. Ujumbe wake unasema, kama unanisikia, acha kuringa, nijibu."

Nilimsikia Bibi akivuta kamasi, nami nikamwachia giza lake.

Sinza, Ijumaa asubuhi. Nilirudisha redio kubwa.

"Ipi imeshinda?" Fundi Mrisho aliuliza.

"Ya marehemu babu."

"Hiyo haikuwemo kwenye mashindano!"

Haikuwemo kwa sababu sikuiweka. Miezi minane nilipima kila kitu isipokuwa kazi ya mikono yangu mwenyewe, na mtu pekee aliyekuwa na jibu sikumwandika popote kwenye daftari.

Kabla sijaondoka Tandika, Bibi alinipa simu yake nimwandikie ujumbe wa kutuma kituoni kwa Alhamisi ijayo. Kwa kawaida ujumbe mfupi naufuta mara nne. Huu niliuandika mara moja, kama alivyoutamka, nikautuma: "Bi Mwanaidi wa Tandika anamjibu mdogo wake Fatuma. Nimekusikia. Taa nimezima."