Koplo Purdy Aliyeamriwa Ahame Kelham

Asahel Purdy alitoka vitani, vile vita vya Wamarekani vya kumkataa mfalme wa Uingereza, akiwa na cheo cha koplo, kovu la risasi pajani na tabia moja: akipewa amri anaitekeleza kwanza, maswali baadaye. Jeshini tabia hiyo ilimfaa. Nyumbani ilimchosha mkewe.

Keziah aliolewa naye mwaka vita vilipokwisha. Walilima shamba la watu Connecticut likauzwa, wakahamia jingine, nalo likauzwa. Binti yao Ruhama alijifunza kusimama ndani ya gari la maksai. Siku walipofika Kelham, huku milimani Vermont, Keziah alishuka na kumwambia mumewe kwamba yeye hahami tena.

"Ardhi yenyewe ni mawe matupu," Asahel alisema.

"Basi tutakula mawe."

Mwenye ardhi alikubali walipe kidogo kidogo kwa ngano. Asahel akaangusha miti, akachoma magogo, akapeleka majivu kwa wapika sabuni. Alijenga kibanda cha magogo na kukiezeka kwa magome. Theluji ya kwanza ilipoanguka, Keziah alikuwa na mimba ya pili, na ndani mlikuwa na pipa moja la unga wa mahindi.

Ndipo akaja konstebo wa kijiji, Zadok Wheelock, mtu mnene mwenye boga kubwa kwapani.

"Boga limetoka kwa mke wangu, Tryphena," alisema, akalitua mezani. "Na hii inatoka kijijini." Akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti ya kanisani: Asahel Purdy, mkewe na watoto wake, waliokuja kukaa Kelham bila idhini ya kijiji, wanaamriwa kuondoka.

Asahel alisimama wima. "Naam, bwana."

Zadok alikunja karatasi, akauliza kama paa linavuja, akaenda zake.

Keziah alikuwa na unga mikononi. Alipogeuka alimkuta mumewe anafungua kitanda kamba.

"Unafanya nini?"

"Umesikia mwenyewe, mke wangu. Amri ya kijiji."

"Nimesikia. Nimeona na mtu akituletea boga. Mtu anayekufukuza anakuletea boga?"

"Amri ni amri, Keziah."

Keziah akaenda akaketi juu ya pipa la unga. "Hili utalipakia na mimi juu yake."

Asahel akapakia vingine vyote. Kisha akaliinua pipa na mke juu yake, kwa shida sana, akawaweka garini, Ruhama akiwa amelikumbatia boga. Maksai wakaanza kushuka mlima. Keziah alimpa mumewe mgongo, na Asahel alisema baadaye kwamba hakuna mizinga iliyomtisha kama ule mgongo.

Njia ya kutoka Kelham inapita mlangoni kwa Zadok. Konstebo alikuwa anakula. Alitoka na kijiko mkononi.

"Mnakwenda wapi na baridi hii, jirani?"

"Umeniambia niondoke."

Zadok alimtazama, akalitazama pipa na mwanamke aliyeketi juu yake. "Tryphena," aliita ndani, "njoo umwone mtu wa kwanza kuondoka."

"Huyo koplo?" mkewe alijibu. "Mwache mwenzio, usimcheke."

"Sikiliza, Koplo," Zadok akasema. "Kila anayehamia hapa anasomewa ile karatasi. Hata mimi nilisomewa. Ni ili ukija kufilisika, sheria isikilazimishe kijiji kukulisha. Ukishasomewa, unarudi kuchonga magogo yako."

Asahel alifikiri. "Kwa hiyo ulikuja kuniambia kwamba wanangu wakifa njaa, hayawahusu."

"Kisheria, hayatuhusu."

"Na boga?"

"Boga ni la Tryphena. Nimekwisha kukwambia."

"Geuza maksai," Keziah akasema kutoka juu ya pipa. Asahel akageuza. Ilikuwa amri pia.

Walikaa. Mtoto wa kiume, Jotham, alizaliwa chini ya paa lile lile la magome, na wengine wakafuata katika nyumba ya mbao. Mawe hayakuliwa; yalipangwa yakawa kuta kuzunguka shamba, na ngano ikamaliza deni. Jotham alipokua alikwenda Ohio, ambako alisema hakuna mawe. Ruhama aliolewa bonde la pili. Kila jioni ya theluji watu walikuwa wakimuuliza Asahel kama amepakia pipa, naye alikuwa akijibu kwamba anangoja mkewe apande.

Katika mkutano mmoja wa kijiji, mwezi wa Machi, kwa utani zaidi ya heshima, wanakijiji walimchagua awe konstebo. Akawa yeye ndiye wa kuwasomea wageni karatasi. Aliisoma yote, wima, bila kuruka neno. Kisha alivua kofia na kusema, "Ya kijiji yameisha. Msifunge mizigo. Nyundo yenu iko wapi?" Na alipanda paani kuziba palipovuja, na ule mguu wake mbovu.

Alikufa kwa homa ya mapafu baridi ikielekea kwisha, wakati wa kugema maji matamu ya miti ya kupikia sukari. Walimzika mlimani, juu ya shamba lake. Zadok, mzee sana sasa, alisimama kando ya Keziah.

"Ile amri ya kumhamisha," alisema, "nadhani hatukuwahi kuifuta."

"Ifuteni," Keziah akasema. "Hata leo angeitii." Akamshika mkono Zadok ili asiteleze, wakashuka pamoja hadi nyumbani, ambako Tryphena alikuwa tayari ameleta chakula.