Mnapima akili ama Kiingereza?

Leo nimebishana na walimu mbele ya wazazi wote.

Shule yetu hapa Isiolo mjini ilikuwa inachagua watoto wa darasa la vipaji. Binti yangu Dahabo, ambaye tumehama naye kutoka Merti juzi juzi tu, akaulizwa fumbo la hesabu kwa Kiingereza.

Akanyamaza.

"Huyu bado," mwalimu akasema. "Anayefuata!"

Wallahi, nilishindwa kukaa.

"Samahani mwalimu, mnapima akili ama Kiingereza? Muulizeni swali hilo hilo kwa Kiswahili."

Mama mmoja akanivuta buibui nikae chini. Nikakataa.

Mwalimu mkuu akasema sawa, akamuuliza mwenyewe. Hata hajamaliza, Dahabo akajibu! Kisha akamwonyesha njia nyingine, fupi kuliko ya mwalimu.

Mwalimu mkuu akacheka, akasimama.

"Waiteni wote tuliowatoa. Tunaanza upya."

Mngemwona Dahabo akikimbia uwanjani, akiwaita wenzake kwa Kiborana na Kiswahili: "Rudini! Rudini ndani!"

Na wakarudi mbio, wengine viatu mkononi.

Kuku anachinjwa leo. Wazazi, huko kwenu watoto wanachaguliwa aje?