Mahari Haivishi Watoto Viatu

Ile siku ya theluji pale Newburg, Louisville, nikiikumbuka moyo bado unanirukaruka, mwanangu. Nilikuwa kijana. Mdogo wangu Neema alikuwa ameachana na mumewe, Dezire, aliyehamia Reynoldsburg, karibu na Columbus, kufanya kazi ya ghala. Neema alibaki na watoto na msaada wa serikali, na ofisi ya msaada huo ilitaka jina la baba yao ili naye achangie matunzo.

Kaka yake Dezire akaja kwangu. Wazazi wetu walitutoka mapema; mimi, kifungua mimba, niliacha shule nikawalea wadogo zangu, na ndimi niliyepokea mahari ya Neema tulipokuwa kambi ya wakimbizi.

"Bon, shemeji, ulikula mahari yetu. Sasa utamufunga mutoto wetu? Neema aseme hajue bwana yake iko wapi."

Nilikaribia kukubali. Mgeni huogopa mahakama kuliko baridi. Lakini Mama Furaha, mkunga wetu wa tangu kambini, alikuwa pale pale kwangu, anamkanda kitinda mimba wa Neema miguu.

"Mahari haivishi watoto viatu!" akafoka. "Na wewe mkubwa, ulipoipokea ulikaa kiti cha baba. Mbona leo unakikimbia?"

Shemeji akacheka. "Mama, wewe ni juji wa kutuhukumu tangu lini?"

"Tangu nilipomzalisha mama yako, ukatoka na kichwa kikubwa hivyo hivyo!"

Tukacheka wote, shemeji akaenda zake.

Kesho yake nikamsindikiza Neema ofisini. Mkalimani akatueleza: kumtaja mtu si kumfunga; sehemu hukatwa kwenye mshahara wake kwa kadiri ya kipato, na Neema aweza kumwomba hakimu matunzo yake mwenyewe, mbali na ya watoto. Akauliza kama kulikuwa na kipigo, maana aliyepigwa hulindwa, aweza kusamehewa kumtaja mumewe. Hakikuwapo. Neema akainua kichwa, akamtaja Dezire mpaka jina la babu yake! Nusura nipige vigelegele mle ofisini, mwanamume mzima!

Na unajua? Kiangazi Dezire akashuka kwenye basi la kutoka Columbus. "Donc, kama ninawatunza, acha niwaone." Alileta viatu vya theluji kwenye joto lile, na watoto wakavivaa mpaka mezani!

Mwanangu, ndoa huvunjika, ubaba hauvunjiki. Usimfiche mzazi kwa kisingizio cha heshima ya ukoo. Dada yako akiitwa ofisini, nenda naye. Aibu ya wawili ni nyepesi. Mungu akupe kinywa kisichoogopa kweli, na wanao wasikanyage theluji peku.