Jasho la Mashine ya Akida

Mfaume wa Mbwera alikuwa fundi mashine kwa sababu moja tu: delta nzima hakukuwa na mwingine. Alijifunza kwenye kiwanda cha kupasulia magogo, akafukuzwa kwa kuuliza maswali mengi, na tangu hapo kila kilichozunguka kikakwama aliletewa yeye, kuanzia cherehani hadi saa ya msikitini.

Mwaka wa vita vya Maji Maji, Akida Haruni alimwita kwenye motaboti ya serikali. Ilikuwa kuukuu, na asubuhi hiyo ilinguruma kidogo, ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Akida alitakiwa kupeleka risasi juu ya mto. Aliapa kwamba aliyeichezea mashine atanyongwa kabla ya adhuhuri.

Mfaume akatega sikio. Akazibua bomba la moshi, akasugua panapotoka cheche, lakini wapi. Mwisho akafungua chini ya tangi, akakinga mafuta kwa kifuu cha nazi. Mafuta yakaelea. Chini yake kulikuwa na maji.

Mwaka huo watu walinyongwa kwa kukutwa na kichupa cha maji shingoni, maana wapiganaji walisema maji ya dawa hugeuza risasi kuwa maji. Na aliyeleta madebe ya maji ya kunywa ya motaboti ni Siti, mkewe, ambaye sasa alikuwa amesimama ufukoni akimtazama.

Kosa, kusema kweli, lilikuwa la Akida mwenyewe. Wanawake wa Mbwera huweka majani juu ya debe la maji yasimwagike njiani, na lisilo na majani watu hujua ni la mafuta. Juma lililopita Akida alipiga marufuku majani, eti yana dawa. Siti akatii. Kwa kuwa madebe yote yalikuwa ya mafuta tangu mwanzo, yote yalinuka, na askari mmoja mwenye mafua akamimina tangini debe lililokuwa karibu, kumbe la maji.

Akida akainama. "Kuna nini humo?"

"Jasho, Bwana," Mfaume akasema. "Mashine nzee hutoka jasho." Akanywa yote yaliyomo kifuuni, maji na mafuta, ushahidi usibaki.

Akamwaga mtoni yaliyobaki tangini, akajaza mafuta safi, mashine ikanguruma vizuri. Akida akafurahi, akachota maji kwa kata kwenye debe chini ya benchi. Hapo ndipo Mfaume alipokumbuka kwamba kama debe la maji liliingia tangini, basi la mafuta lilibaki mahali pake. Akida alikwishapiga funda kubwa.

Alitema, akanusa kata, akamtazama Mfaume. Halafu akawafukuza askari wote washuke, akaketi karibu na fundi. Mwezi mzima alikuwa akihubiri kwamba dawa ni uongo. Sasa maji yalikuwa yamegeuka mafuta kinywani mwake.

"Mfaume mwanangu," akanong'ona, "mtu afanye nini yasimgeukie tena?"

Mfaume akamtazama Siti kule ufukoni. Koo lilikuwa bado likimuwasha.

"Nasikia, Bwana, debe likiwekwa majani, maji hayageuki."

Adhuhuri mpiga mbiu akapita Mbwera yote na amri mpya ya serikali: kila debe la maji liwekwe majani, na atakayekutwa na debe wazi atanyongwa.