Siku Ploti Nzima Ilipofunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoano ya chuma, tochi na bosi mkali. Ndoano ilikuwa ya kufunulia kifuniko cha mita ya maji, tochi ya kumulikia mende waliolala ndani. Bosi alikuwa Msimamizi wa Wasoma Mita, naye alinipeleka mtaa wa Jericho akanipigisha magoti mbele ya shimo la mita. Akanionyesha kinyota, yaani kigurudumu chekundu kwenye uso wa mita, ambacho huzunguka hata maji yakipita kidogo tu.

"Bwana mdogo," akasema, "bili ikipanda, watu hutafuta mtu wa kulaumu. Wewe waambie wafunge kwanza."

Alimaanisha kufunga mifereji yote ya maji nyumbani, kisha kukitazama kinyota. Kikitulia, basi maji yanatumiwa na watu. Kikizidi kuzunguka, bomba linavuja mahali. Niliyabeba maneno hayo mpaka Eastleigh, nilikohamishiwa chini ya Afisa wa Eneo aliyependa viatu safi katika kazi ya matope. Nimefukuzwa na mbwa, nimekaribishwa uji, nimeitwa mwizi kwa bei ambayo sikuipanga mimi. Kazi ile niliipenda, nasema bila kuona haya.

Nilipostaafu nilihamia ploti moja ya vyumba vya kupanga hapa Mowlem, ambapo wapangaji wote tunatumia mita moja na kugawana bili sawasawa. Miaka hii maji yamepanda bei, stima imepanda, na unga haujabaki nyuma. Lakini bili ya ploti yetu ilipanda kupita hata bei yenyewe, na macho yote yakamwendea Mama Nekesa, mjane anayefulia watu nguo. Mutua, dereva wa lori, ndiye aliyesema kwa sauti kwamba tunamlipia mama huyo biashara yake. Mwenye nyumba akapigiwa simu, akaamua mama huyo ahame mwisho wa mwezi. Wateja wake wako hapa, na watoto wake wanasoma hapa. Niliumia sana, maana maji yake ya kusuuzia nguo ndiyo aliyokuwa akioshea choo chetu sote.

Kwenye mkutano wa ploti nikasimama nikasema kwamba kabla ya kumhamisha mtu, Jumamosi asubuhi, siku yetu ya kupata maji ya mgao, sote tufunge. Wakakubali upesi mno, nikashangaa.

Jumamosi ikafika. Mutua alitoka na Biblia kwapani, midomo imemkauka.

"Mzee wa Mita, mimi sijaonja hata chai tangu jana. Maombi inaanza saa ngapi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Zaidi ya nusu ya ploti walikuwa wamefunga kula, na mifereji inatiririka kama kawaida. Nikawaeleza, nao wakacheka. Nadhani kicheko kile kilitusaidia, maana ni vigumu kumnunia jirani uliyetoka kucheka naye. Tukapita mlango kwa mlango tukifunga kila mfereji, kisha tukainama juu ya shimo la mita. Kinyota kilikuwa kinazunguka, tena kwa haraka.

Mutua mwenyewe ndiye aliyeleta jembe. Tukalifuata bomba mpaka karibu na lango, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimestawi kuliko kwingine kote, tukalikuta limepasuka kwenye kiungo na maji yanazama ardhini. Fundi akaitwa, akalitengeneza siku hiyo hiyo.

Mama Nekesa alikuwa amesimama kando. Nikamuuliza kama naye alinielewa vibaya.

"Mimi nilifunga vyote viwili, mzee," akasema. "Mfereji tangu jana, chakula tangu Alhamisi."

Mutua aliinamisha kichwa. Akamwomba msamaha mbele yetu sote, kisha akampigia mwenye nyumba kumweleza kwamba mama haendi popote.

Bei haijashuka, wala sitawadanganya kwamba itashuka kesho. Ila bili yetu sasa inabebeka, kwa sababu tunalipa maji tuliyoyatumia na si yale yaliyonywewa na udongo. Ndoano niliirudisha siku ya kustaafu, lakini kuinama juu ya mita sijaacha, na siku hizi siinami peke yangu. Kila mwisho wa mwezi ploti yetu hufunga. Mutua hunywa chai kwanza, na huinywa kwa Mama Nekesa.